Jasusi Asiye na Ukoo

Ukitoka Masalani ukaelekea mashariki, ukapita Ijara mjini na kuendelea hadi Hulugho, umekaribia mwisho wa Kenya. Kusini kwako ni msitu wa Boni, na ng'ambo ya msitu ni bahari ya Lamu. Ng'ambo ya mpaka kuna Ras Kamboni, na ukipandisha pwani ya Somalia unafika Kismayu. Ni nchi ya ng'ombe na ngamia, nchi ya hirola, swala ambaye asili yake ni pande hizi tu. Ni nchi pia ambayo wakubwa wa dunia wameitazama kwa darubini kwa miaka mingi. Januari 2007 ndege ya Marekani aina ya AC-130 ilishambulia karibu na Ras Kamboni ikiwasaka watu wa al-Qaida. Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya walivuka mpaka katika operesheni ya Linda Nchi. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na Septemba mwaka huohuo ikaanza operesheni ya Linda Boni ndani ya msitu wenyewe. Anayetaka kutunga kisa cha majasusi wa pande hizi hana haja ya kubuni mengi.

Ndiyo maana filamu ya Submergence inaudhi. Ilitoka mwaka 2017, na mwongozaji wake ni Wim Wenders, Mjerumani aliyetwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1984 kwa Paris, Texas, mtu anayejua kuiacha kamera imkae mwanadamu usoni mpaka uso useme. Jasusi ni James McAvoy. Mpenzi wake ni Alicia Vikander, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshika Oscar mkononi. Kisa kimetokana na riwaya ya J. M. Ledgard, Mskoti aliyeishi Nairobi akiliandikia jarida la The Economist, kwa hiyo hata maarifa ya eneo hayakukosekana. Mali yote hiyo ikatumika kutengeneza kitu ambacho tumekwisha kukiona mara hamsini: Mzungu amefungwa katika chumba cha giza, wanamgambo wanapiga kelele, mmoja wao msomi anazungumza Kiingereza kilichonyooka, na huko Ulaya mwanamke anaitazama simu isiyolia.

Kwa wasioiona, kisa ni hiki. James More, jasusi wa Uingereza, anakutana na mwanasayansi wa bahari katika hoteli moja ya pwani ya Ufaransa. Wanapendana kwa siku chache. Kisha yeye anaingia Somalia akijifanya mtaalamu wa maji, naye mwanamke anajiandaa kushuka kwa nyambizi hadi kina ambacho jua halifiki. Jasusi anakamatwa. Kuanzia hapo filamu inarukaruka baina ya chumba cha mateka na bahari, ikitumaini kwamba giza la huku na giza la kule yataambiana jambo. Hayaambiani. Picha za Somalia zilipigwa Jibuti, na wahusika wawili wazito wa upande wa watekaji wakapewa Reda Kateb, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan. Siddig anaigiza daktari, na kwa dakika chache anazopewa ndiye mtu pekee mle ndani anayeonekana kuwa na jana na kesho. Kisha anaondolewa, tunarudishwa kwenye kipigo.

Usiseme McAvoy hawezi. Mwaka 2006 alisimama mbele ya Forest Whitaker katika The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa Uganda kwenyewe, akiwa daktari kijana aliyegeuka kipenzi cha Idi Amin. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile na akapata Oscar yake. Filamu ile ina lawama zake, maana bado ni balaa la Waafrika linalosimuliwa kupitia mgeni, tena mgeni wa kubuni. Lakini McAvoy anawaka mle. Anakula na Amin, anacheka naye, anapokea zawadi zake, anamsaliti chumbani mwake, na kila anapovuka mstari tunamwona akijua kwamba ameuvuka. Ana mtu wa kumwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Ndani ya Submergence mwigizaji yuleyule amepewa ukuta. Anaupigia ukuta macho, anaukoholea, anamwota mpenzi wake, na ukuta haumjibu.

Chukua kile kisingizio cha maji. Katika Ijara, na ng'ambo ya mpaka vilevile, hakuna uwongo mgumu kuuishi kama kujiita mtu wa maji. Mtu wa maji hapiti kimyakimya. Wazee wa kamati ya kisima watamjia wakitaka kujua pampu itatengenezwa lini na dizeli italipwa na nani. Wengine watamuuliza kwa nini silanga, bwawa la maji ya mvua, ilichimbwa upande wa ukoo fulani na si upande wao. Ataambiwa maji ya kisima hiki yana chumvi, ng'ombe wanayanywa lakini chai inakataa, aje aonje. Jua halijatua atakuwa ameahidi kitu, na aliyeahidi ameshaingia katika hesabu za watu. Kesho ataulizwa. Kesho kutwa ataulizwa na mjomba wa yule aliyemuuliza. Hapo jasusi angebanwa vizuri kuliko kwa bunduki yoyote, maana kila siku anayokaa uwongo wake unamzalia deni kwa watu ambao hawajamkosea. Mwongozaji wa kiwango cha Wenders angetupa saa nzima hapo na tusingepumua. Filamu inapita. Maji ya James More yameishia kwenye maelezo ya kazi yake.

Sasa shuka na mto Tana kutoka Masalani hadi unapoingia baharini, utafika Kipini na Ozi, nchi ya Fumo Liyongo. Utenzi wake tunaoujua zaidi uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa kisa ni cha kale zaidi. Shuleni tulifundishwa kukisoma kama kisa cha shujaa: urefu wake, nguvu zake, upinde wake. Kisome upya kama kisa cha ujasusi utashangaa kwamba kila kitu kimo, tena kwa mpangilio ambao waandishi wa filamu hulipwa fedha nyingi kuutafuta.

Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo na anataka afe. Jaribio la kwanza anawapa kazi wawindaji wa msituni, watu wa upinde ambao maisha yao hayakuwa mbali na ya Waboni wanaoishi mpaka leo kati ya Ijara na Lamu. Wao hawaendi na mishale wazi. Wanafanya urafiki. Wanamwingiza Liyongo katika kikoa, kula kwa zamu, kila siku mmoja anawalisha wenzake. Kisha wanakwenda kula makoma, na mkoma ni mrefu, lazima mtu apande. Leo anapanda huyu, kesho yule, na siku ya zamu ya Liyongo, akiwa juu na mikono imeshikilia shina, watamchoma mishale. Siku inafika. Liyongo anawauliza wanataka makoma gani, wanamwonyesha yaliyo juu kabisa, naye anapinda upinde na kuyaangusha kutoka chini. Hakuna aliyesema neno. Wao wamejua kwamba amejua, na karamu inaendelea. Hakuna damu iliyomwagika na hakuna aliyekimbizwa, ila nakwambia ni pindi kali kuliko chochote katika filamu ya Wenders.

Jaribio la pili wanamfunga gerezani. Mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, nao walinzi wanakila kizuri chote. Basi Liyongo anamtumia mama ujumbe ndani ya wimbo: amwokee mkate wa wishwa, na katikati aweke tupa. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanacheka, wanaupitisha, chakula cha kitumwa hicho. Usiku ngoma inapigwa nje, pembe na matoazi, na ndani ya kelele ile mtu anakata pingu. Kifaa cha kijasusi kimefichwa ndani ya dharau ya walinzi wenyewe. Nani amewahi kumbunia James Bond kifaa cha namna hiyo?

Jaribio la tatu ndilo linalomaliza. Sultani anamwita mtoto wa Liyongo, aliyezaliwa na mke wa Kigala, watu ambao leo tunawaita Waorma na ambao bado ni majirani wa Ijara ng'ambo ya mto. Anamwahidi binti yake na cheo. Kijana anakwenda kwa baba kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anang'amua kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Utenzi hautufafanulii kwa nini. Baba anaitoa siri kwa sababu anayeuliza ni mwanawe. Kijana anarudi na sindano, anasimama juu ya baba aliyelala, moyo unamwishia, anangoja siku nyingine. Hatimaye anachoma. Liyongo anaamka na upinde wake, anafika kisimani, anapiga goti, mshale umekaa tayari, na anafia hapohapo. Watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Na kijana hapewi alichoahidiwa.

Mkabidhi McAvoy nafasi ya kijana yule, au Reda Kateb nafasi ya baba, halafu uone. Pindi ya kungoja pale kitandani haihitaji hata maneno. Ukimya wake unashiba kwa sababu tunawajua wote wawili na tunajua kila mmoja anampoteza nani. Kwa maoni yangu hapa ndipo filamu nyingi za ujasusi za siku hizi zinapokwama. Zinadhani siri ni karatasi, namba, au mahali bomu lilipo, kumbe siri husafiri kwa njia ya udugu, na bei yake hulipwa ndani ya nyumba. Jasusi asiye na ukoo mahali anapopeleleza hana cha kusaliti. Asiye na cha kusaliti hana cha kuigiza.

Ukidhani hayo ni ya enzi za ngao na mishale, rudi kisiwa kilekile cha Pate. Mwaka 2002, katika mji wa Siyu, aliishi mtu aliyejiita kwa jina jingine, akifundisha watoto chuoni, akaoa binti wa pale. Alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, aliyekuwa akisakwa kwa milipuko ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998 iliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Novemba 28 mwaka huohuo hoteli ya Paradise pale Kikambala ikalipuliwa. Fazul alijificha ndani ya ukwe, na teknolojia yote ya dunia haikumwona. Aliyemwangusha mwishowe hakuwa jasusi yeyote: Juni 2011 gari lake lilikosea njia Mogadishu likajipeleka kwenye kizuizi cha wanajeshi. Waliobaki kujibu maswali ya polisi na mahakama ni wakwe. Mtu akitaka filamu, ya wakwe wale ndiyo filamu. Ya Fazul mwenyewe imekwisha kutengenezwa kwa namna elfu na ina ndevu zilezile.

Na huko msituni leo mchungaji akiona nyayo za buti kandokando ya silanga, tayari yumo ndani ya kisa bila kuombwa. Akisema, kuna wanaume wa usiku wanaowaua wanaowaita majasusi. Asiposema, kesho askari watamuuliza ng'ombe wake walikunywa wapi na alimwona nani. Atakwenda kushauriana na kaka yake, na kaka ana mtoto polisi au ana shemeji Kismayu, na kila jibu linamgusa mtu wa nyumbani. Hii ndiyo hali halisi ya habari za siri katika Ijara, na haijamvutia mtengenezaji hata mmoja wa filamu kubwa.

Hapa kuna anayeweza kunijibu kwamba kosa la Submergence ni kuiga tu, basi. Sikubali. Kuiga sisi tumekula nako sana. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ni Sherlock Holmes mtupu, kiko mdomoni na rafiki mwandani pembeni. Lakini Abdulla alimkalisha Unguja, kati ya mashamba, urithi na imani za mizimu, na Holmes akapata jasho la kwetu. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mjukuu wa James Bond asiyekana nasaba: vinywaji, wanawake, bastola, hoteli. Ila Kufa na Kupona ya mwaka 1974 ilipotoka, Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na msomaji alijua kabisa siri zikivuja ni akina nani watakaokufa kusini mwa bara. Hofu ilikuwa ya mtaani. Hata David Maillu alipomleta Benni Kamba, wakala namba 009, mwaka 1980, utani ulikuwa kwenye namba yenyewe: ameiga, anajua ameiga, na anakukonyeza. Hawa walikopa mifupa wakatia nyama yao wenyewe. Wenders alikopa mifupa akaitundika juu ya bahari nzuri.

Filamu nyingine ya mifupa mitupu, The Gunman ya mwaka 2015, sitaikalia sana. Sean Penn, Javier Bardem, Mark Rylance na Idris Elba katika filamu moja, mwongozaji ni Pierre Morel wa Taken, na kinachoanza kama kisa cha waziri wa madini aliyeuawa Kongo kinaishia Barcelona kwenye uwanja wa mapambano ya mafahali. Elba anaonekana kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kongo ni ngazi ya kupandia, ikishatumika inapigwa teke. Kwenye vibanda vyetu vya video, wasimulizi wa filamu kama DJ Afro au Lufufu wangeiokoa, maana hao hawangojei mswada: wangempa stelingi shemeji, deni na ugomvi wa shamba hapohapo, kwa mdomo tu.

Wala usinielewe kwamba mgeni hawezi. Gavin Hood, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitengeneza Eye in the Sky iliyotoka mwaka 2015. Kisa ni cha Eastleigh, Nairobi, ingawa ilipigwa kwao Afrika Kusini, na ndani yake kuna majenerali, mawaziri na ndege isiyo na rubani. Helen Mirren na Alan Rickman wamo, naye Rickman hakuonekana tena kwenye skrini baada ya hiyo, alifariki Januari 2016. Lakini roho ya filamu iko mtaani, kwa Barkhad Abdi, yule Msomali wa Captain Phillips. Yeye ni wakala wa pale chini, na kuna msichana mdogo anayeuza mikate pembeni ya nyumba inayotaka kupigwa kombora. Kazi ya Abdi inakuwa moja: kuinunua mikate yote ili mtoto aende nyumbani. Hawezi kumwambia kwa nini. Anatoa pesa, anakusanya mikate, macho yanahangaika, na wanamgambo wanaanza kumtilia shaka. Chumba kizima cha wakubwa London kinamtegemea mtu mmoja anayenunua mkate huku akijifanya ana njaa. Jasusi yule anamwona mtoto kwa macho yake, na anajua mkate ni shilingi ngapi. Nina hakika watu wa Ozi wangeielewa pindi ile mara moja.

Na kuna Watu Wote, ya dakika 22 tu, kazi ya wanafunzi wa Hamburg chini ya Katja Benrath, iliyoteuliwa kwa Oscar mwaka 2018. Inatokana na basi lililovamiwa karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, Desemba 21, 2015. Wavamizi walitaka abiria Waislamu wawataje Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na akafariki mwezi uliofuata. Ni kisa cha ujasusi kilichogeuzwa ndani nje: kila mtu ndani ya basi ana habari, anayeitaka ana bunduki, na habari haitoki. Wajerumani wale walikuwa wanafunzi, hawakuwa na Vikander wala nyambizi, ila walijua ni nani amekaa karibu na nani na kwa nini atanyamaza kwa ajili yake.

Kwa hiyo ukiwa na jioni moja na data ya kutosha, anza na Watu Wote, kisha Eye in the Sky. Ukitaka kumjua McAvoy, mtazame akiwa Uganda mwaka 2006. Utenzi wa Liyongo unasomeka kwa kikao kimoja, na watengenezaji wetu wa filamu hawana kisingizio cha kutoukamata: hauna hatimiliki ya mtu, na Ozi ni pale chini ya mto. Submergence iache mpaka siku utakayokosa la kufanya kabisa.